Atakayeenea Kwenye Kidonge

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne, Kipimo alikuta fomu ya daktari wa meno mezani kwake. Aliisoma huku akimalizia chai: kimo, mita moja na sentimita themanini na nane, mapaja, marefu, mabega, mapana, kiuno, "cha kawaida". Wateja wote huandika hivyo hivyo kuhusu viuno vyao, na Kipimo hakuwahi kumwamini hata mmoja. Alikata "cha kawaida" kwa kalamu, akaandika mia moja na nne, maana daktari alikuwa amempigia simu akiwa anapanda ngazi na pumzi zake zilisema kweli yote. Kisha akavua viatu, akalegeza mkanda wa ovaroli, akasimama kando ya sinki na kuanza kurefuka.

Shughuli yenyewe ilichukua muda wa kuchemsha birika moja la maji. Miguu hutangulia, mgongo hufuata, tumbo huja mwisho.

"Umefika?" aliuliza Mchomeleaji kutoka chini ya gari.

"Bado kiuno."

"Kiambie kikaze mwendo, tuna magari mawili leo."

Karakana ile ilitengeneza magari madogo mepesi ya michezo, ya watu wawili, yasiyo na paa, yasiyo na redio, mepesi kiasi kwamba mafundi wanne wakikubaliana wanaweza kulibeba moja na kuligeuza litazame ukutani. Ndani ya gari la namna hiyo hakuna nafasi ya masihara. Kiti hakisogei mbele wala nyuma. Kila mteja humwagiwa kiti chake: povu linachanganywa kwenye ndoo, linamiminwa ndani ya mfuko mgumu wa plastiki, na mtu anakaa juu yake, mikono usukanini na miguu kwenye pedali, robo saa nzima bila kutikisika wala kupiga chafya, mpaka povu ligande kwa umbo lake. Wateja walikuwa watu wenye shughuli zao. Hawakuwa na robo saa. Kwa hiyo alikaa Kipimo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo. Jina lake halisi lilijulikana na karani wa mishahara tu. Alikuwa ameshakuwa majaji, marubani, mwalimu wa kuogelea, na pacha wawili walionunua gari moja na kugombania kiti. Wateja walikuja, wakateleza ndani, wakashusha pumzi na kusema "aah", na ile "aah" ilimfurahisha kila mara kana kwamba ameisikia kwa mara ya kwanza. Ila hakuwahi kuendesha hata gari moja. Alipoomba, Bosi alimjibu kwa upole kabisa: "Kipimo, kile kiti kimemwagwa kwa mwenyewe. Wewe hulienei gari lile." Na ilikuwa kweli, maana kufikia siku gari linakamilika, Kipimo alikuwa ameshakuwa mtu mwingine.

Sasa karakana ilikuwa na gari lake yenyewe la mashindano, dogo kuliko yote, la njano, ambalo mafundi waliliita Kidonge. Lingeingia mbio za kupanda mlima Jumamosi hiyo, na hadi Jumanne lilikuwa halina dereva. Wa kwanza aliyeletwa alipiga magoti yake usukanini. Wa pili alikwama mabegani, akatolewa kwa sabuni ya kunawia. Wa tatu aliingia vizuri tu, lakini aliweza ama kupumua ama kukanyaga breki, si vyote viwili kwa pamoja.

Kosa lilikuwa la mazoea. Wiki sita nyuma, siku fremu ya Kidonge inachomelewa, Mchomeleaji alimkalisha Kipimo sakafuni kama kawaida yake na kuzungushia mabomba pembeni yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari hilo halikuwa na mteja, kwa hiyo mezani hapakuwa na fomu. Kipimo mwenyewe alikuwa ametoka likizo ya ugonjwa ya wiki mbili, wateja wote wamemtoka mwilini, na alikaa pale akiwa yeye mwenyewe bila kujua. Mchomeleaji alifunga bomba la mwisho, akafuta jasho, akasema, "Leo mteja wetu mwembamba mabegani," na kazi ikaendelea.

Saa nne, dereva wa tatu alipokuwa anaondoka huku ameshika mbavu, Bosi alipiga kiganja kwenye bodi ya Kidonge.

"Jamani, nimechoka! Atakayeenea humu ndani nusu saa bila kulalamika, huyo ndiye atakayeliendesha Jumamosi. Simwangalii mtu usoni. Awe fundi, awe mfagiaji, awe nani."

Moyo wa Kipimo ulipiga kwa nguvu hadi mkanda wa ovaroli ukatikisika. Akanyoosha mkono, mkono mrefu wa daktari wa meno, kama mwanafunzi darasani.

"Hata mimi, Bosi?"

"Hata wewe. Ukienea."

Alijaribu palepale. Magoti ya daktari yakagonga usukani kwa mlio ambao karakana nzima ilikuwa inaujua sasa. Mafundi wakacheka. Kipimo naye akacheka, akatoka, na hakuweza tena kufanya kazi ya maana siku ile. Alimaliza kiti cha daktari, akafunga fomu yake, kisha akashinda anazunguka Kidonge na kukigusagusa, anapima kwa kiganja toka kwenye kiti hadi pedali, anasahau alichopima, anapima upya.

Jioni alikwenda kwa dada yake, fundi cherehani, ambaye alifungua mlango, akainua macho mpaka kwenye uso, na kwenda kuleta kile kiti kikubwa.

"Dada, una vipimo vyangu?"

"Vipi? Vyako wewe, au vya hao watu wa kazini kwako?"

"Vyangu mimi."

Hilo lilikuwa swali la haki. Kawaida mteja humtoka Kipimo siku chache baada ya fomu kufungwa, lakini si wote huondoka na mizigo yao yote. Wengine huacha sentimita moja hapa, mbili kule. Vidole vya miguu vya mwanasheria mmoja vilimkaa miaka mitatu. Hata siku ya Jumapili, akiwa amelala hana kazi, Kipimo hakuwa na hakika na urefu wa paja lake.

Dada alivuta daftari kutoka chini ya mashine, akatemea kidole na kufungua kurasa za nyuma kabisa, zenye rangi ya chai. Alikuwa amemshonea mdogo wake gauni la bluu siku alipokwenda kuomba kazi ile. Vipimo vyote vilikuwepo, kwa penseli.

"Andika," alisema dada. "Kimo, moja hamsini na tisa. Mabega, thelathini na saba. Toka kiunoni hadi gotini, hamsini na tatu. Kiuno kilikuwa sitini na nane, ongeza sita."

"Sita zote za nini?"

"Tatu za umri na tatu za sukari. Usinitazame hivyo. Hizo si za mteja yeyote, mdogo wangu, hizo umezila mwenyewe."

Kipimo aliziandika. Alivisoma vile vipimo kwa sauti barabara nzima akirudi nyumbani, na watu waliokutana naye walisikia mtu mrefu mwenye tumbo akisema kwa furaha, "Thelathini na saba! Hamsini na tatu!"

Jumatano alifika kabla geti halijafunguliwa. Akachukua fomu mpya, na mahali palipoandikwa jina la mteja alifikiri kidogo, akaandika "Mimi". Akavua viatu, akasimama kando ya sinki. Safari hii alishuka. Tumbo la daktari lilitangulia kuondoka, nayo mapaja yakafuata, na baada yake vikatoka vitu vidogo vidogo ambavyo hakujua kama alikuwa navyo: shingo ya rubani, viwiko vya mtu fulani, kisigino kimoja cha pacha. Nyonga zilipofika alizitambua kama mtu anavyotambua sandali zake kati ya sandali nyingi mlangoni. Akajishika kiunoni kwa mikono miwili, akaruka juu mara mbili.

"Huyo nani?" Mchomeleaji aliuliza alipoingia.

"Mimi."

"Karibu. Sijakuona siku nyingi."

Wakaanza kazi. Kipimo alipanda juu ya ukingo, akashika bomba, akaingiza miguu kwanza, akateleza. Mabega yakapita. Akakaa chini kabisa, karibu na sakafu ya karakana kiasi cha kuona sisimizi akipita. Mchomeleaji alisogeza pedali ya breki upana wa vidole viwili, ili kisigino kitulie sakafuni na unyayo ufike bila kunyoosha goti. Wakashusha usukani kidogo. Kipimo akanyoosha mikono juu yake, na vifundo vikalala juu ya ukingo wa usukani huku mgongo haujaacha kiti, ndivyo inavyotakiwa. Wakatia kipande cha sponji chini ya mapaja, kwa maana mapaja yasiposhikwa, kiuno ndicho kinacholia. Kiwiko cha kulia kilikuwa kinagusa bomba. Wakalivika bomba mpira. Kila marekebisho alisema "aah", na mara hii ile "aah" ilikuwa ya kwake.

Ndipo wakachanganya povu. Lilikuja la moto chini ya mgongo wake, likapanda taratibu, likajaza kila bonde la mwili, likamshika mbavu, likamshika nyonga, na Kipimo alitulia macho yakiwa mbele, anazuia kicheko kisije kuharibu kiti. Bosi alikuja na saa yake mkononi, akasimama nusu saa nzima, kwa maana alikuwa mtu wa kutimiza neno.

"Unalalamika?"

"Hapana, Bosi."

"Mgongo?"

"Sina habari nao."

"Magoti?"

"Yapo, yanakusalimia."

Mafundi walipiga makofi. Bosi akacheka, akafunga saa yake. "Basi, Kipimo. Umeenea."

Alhamisi na Ijumaa aliruhusiwa kuzunguka uani, mpaka getini, asitoke. Uwanja wa karakana una upana wa kuegesha malori mawili. Humo humo Kipimo alitia gia ya kwanza, na kwa nafasi ya pumzi moja, gia ya pili. Gari likageuka kabla hajamaliza kuamua kugeuka. Alihisi jiwe dogo chini ya gurudumu la nyuma la kushoto, akalijua ni la umbo gani. Hapakuwa na mahali mwili wake ulipoishia na Kidonge kinapoanza, na alipiga kelele za furaha mpaka jirani mwenye duka la vioo akatoka kuangalia, akaona ni mtu anafurahi, akarudi ndani. Kipimo alizunguka mara arobaini. Usiku hakupata usingizi, akawa anaipitia barabara ya mlimani kichwani kona kwa kona, na hakujali.

Jumamosi barabara ya mlimani ilifungwa kwa kamba tangu alfajiri. Watu walijaa pande zote mbili na miavuli ya jua. Kipimo alishuka kwenye lori la karakana amevaa ovaroli safi iliyopigwa pasi na dada yake. Bosi alikuwa ameshafika. Kando yake alisimama mpwa wake, kijana mrefu wa miaka ishirini na minane, amevaa suti mpya ya mbio iliyoandikwa jina la karakana mgongoni.

"Kipimo," Bosi alisema, na alikuwa na fomu mkononi, imeshajazwa. "Huyu ni mtoto wa dada yangu, unajua mambo ya familia yalivyo. Na watu wa magazeti wanamjua sura. Hebu mmwagie kiti chake. Robo saa tu, muda upo."

Kipimo alitazama nyuma ya lori. Ndoo ya povu ilikuwa imepakiwa, na mfuko wa plastiki umekunjwa vizuri juu yake. Hivyo vitu havikujipakia vyenyewe, na ndoo ilikuwa na umande, yaani ilipakiwa tangu jana jioni, wakati yeye anazunguka uani.

"Bosi, ulisema atakayeenea."

"Nilisema. Na wewe ndiye utakayemfanya aenee."

Katika miaka kumi na tisa Kipimo hakuwahi kukataa fomu. Aliichukua ile, akaisoma mpaka mwisho kwa adabu, akairudisha.

"Hiki kiti sikimwagi tena."

Mchomeleaji aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Sawa," alisema Bosi bila hasira. "Basi akae hivyo hivyo."

Mpwa akapanda juu ya ukingo, akashika bomba, akaingiza miguu. Magoti yakagonga usukani. Akasukuma kidogo. Mabega yakakwama. Akasukuma tena, na povu lile lililogandia mwili wa Kipimo likamshika nyonga kwanza, halafu mbavu, na kijana akaanza kushuka. Miguu ilipungua mpaka visigino vikatulia sakafuni. Mabega yakaingia. Helmeti ikamteremkia hadi kwenye nyusi, na mikono ya suti ikafunika vidole. Mchomeleaji akaikunja na kuifunga kwa utepe mweusi. Kwa muda wa kuchemsha birika moja la maji, mpwa alikuwa na mita moja na sentimita hamsini na tisa, kiuno sabini na nne.

Mkaguzi wa mashindano alipita na orodha yake. Alivuta mkanda, akatikisa usukani, akamwambia dereva anyooshe mikono. Vifundo vililala juu ya ukingo na mgongo haukuacha kiti.

"Dereva ameenea?"

"Ameenea," alisema Bosi, na akamgeukia Kipimo. "Si umeona? Neno langu halijabadilika."

Na kweli halikuwa limebadilika hata kidogo. Kipimo alisimama na mikono yake mitupu, akaona kwamba miaka yote ile alikuwa anaambiwa haenei, naye akaamini kwamba tatizo ni kuenea. Iliuma. Iliuma mahali ambapo hakuna povu linalofika.

"Dada Kipimo," mpwa aliita kutoka ndani ya gari, macho yanamng'aa, "mbona kuna raha hivi humu? Mgongo wangu siusikii kabisa!"

Alikuwa kijana mwenye adabu, na swali lake lilikuwa la kweli. Kipimo alijikuta ameinama dirishani, kwenye nafasi ambapo dirisha lingekuwepo.

"Usikaze mikono. Kona ya tatu usikanyage breki, achia mafuta tu, nyonga zitakwambia lini urudishe. Umesikia? Zisikilize. Hazijawahi kukosea."

"Nimesikia, dada."

Kidonge kilipoondoka, Kipimo alikimbilia kwenye kamba na kujipenyeza kati ya watu. Gari likapita mbele yake likiwa limejibana barabarani, la njano, linaimba, na mgongo wa Kipimo ukaitika. Mwili ulikuwa mmoja, kwa hiyo alipata kila kitu: kona ya kwanza kwenye mbavu za kushoto, ya pili kwenye mbavu za kulia, tuta dogo la katikati tumboni. Kona ya tatu nyonga zilimwambia, naye akapiga kelele, "Sasa!" na huko juu, ambako hakuweza kuona, mguu ukarudi kwenye mafuta. Aliruka. Alimkumbatia mtu asiyemjua. Hakuwahi kufurahi namna ile na hakuwahi kuumia namna ile, na vyote viwili vilikuja kwa pamoja.

Kidonge kilishika nafasi ya kwanza, kwa sekunde mbili na nusu.

Lori la karakana lilipowafikisha juu, mpwa alipewa kikombe kikubwa cha fedha chenye masikio mawili. Bosi alikuwa anafuta machozi. "Kaa hivyo hivyo mpaka mwisho wa msimu," alimwambia. "Zimebaki mbio nne."

"Na Kipimo?" Mchomeleaji aliuliza.

"Kipimo tunamshukuru sana. Nani asiyejua kwamba bila Kipimo hakuna kitu hapa?"

Mpiga picha wa gazeti alitaka kikombe kiinuliwe juu. Mpwa alikiinua, na mkono wa kushoto ukagoma usawa wa sikio. Akajaribu tena, akakunja uso.

"Dada, hili bega lako lina nini?"

"Ndoo za povu," alisema Kipimo. "Utalizoea. Ulalie upande wa kulia, na asubuhi lipashe moto kwa kitambaa kabla hujalitumia."

"Sasa nitakiinuaje?"

Kipimo alijua bega lile linavyoinuliwa: kiwiko kwanza, taratibu, halafu unauma meno. Akakichukua kikombe, akasimama nyuma ya kijana na kukipandisha juu ya kichwa chake. Kikombe kikawaka juani, na umati wote ukashangilia.

"Mama hapo nyuma," mpiga picha aliita, "sogea kidogo, unaonekana."

"Nisogee wapi?"

"Popote nisipokuona."

Kipimo alisogea hatua moja, akasimama nyuma ya mpwa sawasawa. Kwa kuwa walilingana kimo na mabega, hakuonekana hata unywele. Kilichobaki kwenye picha ni dereva anayecheka, mikono yake miwili imelala kiunoni, na mikono mingine miwili juu ya kichwa chake, imeshika kikombe.

"Hapo hapo," alisema mpiga picha, akapiga.